MBA ya masafa: Mfanyabiashara wa Masasi na Newala apige hesabu kabla ya kulipa ada

Fedha za korosho zinapoingia katika akaunti za wakulima wa Masasi na Newala, kati ya Oktoba na Januari, wauzaji wa bidhaa na huduma hujitokeza kwa wingi. Wapo wa mabati, wa pikipiki, wa viwanja na wa magodoro. Katika miaka ya karibuni ameongezeka muuzaji mwingine, naye ni yule anayeuza elimu. Anauza shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara, maarufu kwa jina la MBA, ambayo mtu anaweza kuisoma akiwa nyumbani kwake bila kufunga duka.

Bidhaa hiyo inastahili kuchunguzwa kama bidhaa nyingine yoyote ya mamilioni ya shilingi. Ina bei, ina gharama zilizojificha, ina muda wa kurudisha mtaji na ina bidhaa bandia sokoni. Inatofautiana na gunia la korosho katika jambo moja kubwa. Korosho mnunuzi anaweza kuzipasua chache na kuona kilichomo, lakini ubora wa shahada haujulikani mpaka mnunuzi amekwisha lipa.

Ukurasa huu unaeleza namna ya kuipima.

Shahada yenyewe ni kitu gani

MBA ilianzia Marekani mwanzoni mwa karne ya 20. Chuo Kikuu cha Harvard kilianza kuifundisha mwaka 1908. Shabaha yake ilikuwa kumpa mtu aliyesomea fani nyingine, kama uhandisi au sheria, ujuzi wa kuongoza kampuni. Mpaka leo mafunzo yake yamebaki karibu yale yale: uhasibu wa usimamizi, fedha, masoko, uendeshaji wa shughuli, utumishi, uchumi, mipango ya muda mrefu na mbinu za utafiti. Mwishoni mwanafunzi huandika tasnifu au ripoti ya mradi.

Elimu ya masafa nayo si jambo geni. Chuo Kikuu cha London kilifungua mitihani yake kwa wanafunzi wa nje mwaka 1858. Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, UNISA, kilianza kufundisha kwa posta mwaka 1946. Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kilipata hati yake mwaka 1969.

Hapa nchini, Bunge lilitunga Sheria Namba 17 ya mwaka 1992 iliyoanzisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Chuo kilianza kazi mwaka 1993 na wanafunzi wa kwanza waliingia mwaka 1994, Makamu Mkuu wa Chuo akiwa Profesa Geoffrey Mmari. Makao yake makuu yapo Kinondoni, Dar es Salaam, na kina vituo mikoani, kikiwamo cha Mtwara. MBA ni miongoni mwa shahada zake.

Kwa mkazi wa kusini, kuanzishwa kwa chuo hicho kulikuwa na maana ya pekee. Wakati ule daraja la Mto Rufiji lilikuwa halijajengwa, na magari yalivushwa kwa kivuko. Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003. Hata sasa, Masasi ipo zaidi ya kilomita 500 kutoka Dar es Salaam. Mtu hawezi kuhudhuria darasa la jioni katika Shule Kuu ya Biashara ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kisha akalala Masasi. Kwake yeye njia ni mbili tu: ama ahame, ama asome kwa masafa.

Nani ananunua karatasi na nani ananunua ujuzi

Kabla ya kulinganisha vyuo, mnunuzi hana budi kujua anataka nini. Katika Masasi na Newala wapo wateja wa aina mbili wa MBA, na mahitaji yao hayafanani.

Wa kwanza ni mwajiriwa. Huyu ni ofisa wa benki, mhasibu wa halmashauri, mtumishi wa chama kikuu cha ushirika kama MAMCU au TANECU, au meneja wa ghala. Kwake yeye cheti chenyewe kina thamani, kwa sababu muundo wa ajira na nafasi za uongozi hutaja kiwango cha elimu. Anaposoma, mwajiri anaweza kumpandisha daraja au kumpa nafasi ya kuomba kazi kubwa zaidi. Swali lake la kwanza ni iwapo shahada hiyo inatambuliwa na mwajiri.

Wa pili ni mfanyabiashara mwenyewe. Ana duka la pembejeo, ana malori mawili, anabangua korosho kwa kiwango kidogo, ananunua ufuta na mbaazi mnadani au ana nyumba ya wageni. Huyu hakuna wa kumpandisha cheo. Mteja wa salfa haulizi muuzaji amesoma hadi wapi. Kwake yeye cheti hakileti hata shilingi moja, na faida yote itatokana na kile atakachokijua na kukitumia dukani.

Tofauti hii husahaulika mara nyingi. Matangazo ya vyuo huzungumzia mishahara ya wahitimu, na mfanyabiashara husoma tangazo hilo kana kwamba linamhusu.

Hesabu ya gharama

Tuchukue mfano wa mfanyabiashara wa kubuni mjini Masasi. Tarakimu zifuatazo ni za mfano tu, na kila msomaji anapaswa kuweka zake badala yake.

Ada yote ya masomo: Sh. 6,000,000.
Kompyuta ya kubeba: Sh. 1,200,000.
Bando la intaneti, Sh. 40,000 kwa mwezi kwa miezi 24: Sh. 960,000.
Safari nane za Mtwara kwa mitihani na semina, nauli, malazi na chakula, Sh. 90,000 kila moja: Sh. 720,000.
Utafiti, uchapaji na uwasilishaji wa tasnifu: Sh. 600,000.
Jumla: Sh. 9,480,000.

Jambo la kwanza linaloonekana ni kwamba ada iliyotangazwa ni chini ya theluthi mbili ya gharama halisi. Zaidi ya Sh. milioni tatu hazimo katika tangazo lolote.

Jambo la pili ni muda wa kurudisha fedha hizo. Mfanyabiashara akitaka kuzirudisha katika miaka mitano, bila kuhesabu riba, shahada lazima imletee faida ya ziada ya Sh. 1,896,000 kila mwaka, yaani Sh. 158,000 kila mwezi.

Je, hilo linawezekana? Inategemea ukubwa wa biashara. Mwenye mauzo ya Sh. milioni 60 kwa mwaka na faida ya asilimia 10 anapata Sh. milioni sita. Ili shahada ijilipe, lazima faida yake ipande kwa karibu asilimia 32. Mwenye mauzo ya Sh. milioni 300 kwa faida ya asilimia hiyo hiyo anapata Sh. milioni 30. Kwake yeye ongezeko la asilimia 6.3 linatosha, na ongezeko hilo anaweza kulipata kwa kupunguza tu mali inayolala ghalani.

Kwa maneno mengine, gharama ya MBA ni ile ile kwa mdogo na kwa mkubwa, lakini faida yake hukua pamoja na biashara. Ndiyo sababu mwenye duka moja anashauriwa kutafakari mara mbili, wakati mwenye maduka manne na madereva watatu anaweza kuona shahada hiyo ni rahisi.

Jambo la tatu ni kile ambacho fedha hizo zingefanya kwingineko. Hatifungani za Serikali zinazouzwa na Benki Kuu huanzia Sh. 1,000,000. Vipande vya mifuko ya UTT, ambao mfuko wake wa Umoja ulianza mwaka 2005, hununuliwa kwa fedha kidogo zaidi. Zipo pia hisa za Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza mauzo mwaka 1998. Sh. 9,480,000 zikiwekwa mahali panapotoa, kwa mfano, asilimia 12 kwa mwaka, huleta Sh. 1,137,600 bila mtu kukesha na vitabu. Hicho ndicho kipimo ambacho shahada inapaswa kukishinda.

Saa 1,800

Fedha si gharama pekee. Kwa mujibu wa mfumo wa tuzo za vyuo vikuu nchini, shahada ya uzamili inahitaji angalau krediti 180, na kila krediti moja inakadiriwa kuwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Hizo ni saa 1,800.

Anayeweza kutenga saa 15 kwa wiki atahitaji wiki 120, yaani miaka miwili na zaidi ya miezi mitatu. Anayepata saa 10 kwa wiki atahitaji wiki 180, karibu miaka mitatu na nusu. Mwenye duka linalofunguliwa saa moja asubuhi na kufungwa saa mbili usiku ajiulize saa hizo 10 zitatoka wapi. Kama zitatoka usingizini, hatadumu nazo. Kama zitatoka dukani, basi lazima pawepo mtu wa kuaminika wa kushika kaunta, na mshahara wa mtu huyo uingizwe katika hesabu.

Tangazo linaloahidi MBA katika miezi michache, bila mitihani inayosimamiwa na bila kazi za kuandika, halilingani na saa hizo. Hiyo ni dalili ya kwanza ya kujihadhari.

Kalenda ya chuo na kalenda ya mnada

Mazao ya kusini yana ratiba yake. Ufuta huanza kuuzwa katikati ya mwaka. Mbaazi hufuata. Wakati huo huo wenye mikorosho wanapuliza dawa. Kuanzia Oktoba minada ya korosho huanza na kuendelea hadi karibu na mwaka mpya. Chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kutumika kwa korosho za Mtwara katika msimu wa 2007/08, mkulima hupeleka mzigo chama cha msingi, mzigo huenda ghala kuu, hupigwa mnada, na malipo hufika baadaye baada ya makato ya chama, usafirishaji na ghala.

Mzunguko wa fedha wa wilaya nzima hufuata ratiba hiyo. Muuza mabati hauzi sana Mei kama anavyouza Desemba. Kwa hiyo mwanafunzi mfanyabiashara anakabiliwa na mambo mawili. Fedha za ada anazipata Desemba, na kazi nyingi zaidi za dukani anazo Desemba hiyo hiyo. Kama mitihani ya chuo inaangukia kati ya Oktoba na Januari, ana hatari ya kukosa mtihani au kukosa mauzo ya mwaka mzima.

Yanayoweza kutokea yalionekana katika msimu wa 2018/19. Wakulima waligoma kuuza kwa bei zilizotolewa na wanunuzi, na Novemba 2018 Serikali ya Rais John Magufuli iliingilia kati na kutangaza kununua korosho kwa Sh. 3,300 kwa kilo, huku Jeshi likipewa kazi ya kuzisomba. Malipo ya wengi yalichelewa na kuingia mwaka 2019. Aliyepanga kulipa ada ya Januari kwa fedha za msimu ule angejikuta na deni chuoni na deni kwa wauzaji wa jumla kwa wakati mmoja.

Kwa sababu hiyo, mambo matatu yaulizwe kabla ya kujisajili. Je, ada inaweza kulipwa kwa awamu, na awamu hizo zinaangukia miezi gani? Je, mwanafunzi anaruhusiwa kuahirisha muhula, na kwa gharama gani? Je, usajili unadumu miaka mingapi kabla ya kufutwa? Kwa mkazi wa eneo linalotegemea zao moja, majibu ya maswali hayo yana uzito kuliko sifa ya chuo katika magazeti ya ng'ambo.

Kibali kwanza, jina la chuo baadaye

Mwenye mamlaka ya kusema chuo kikuu fulani kinatambulika Tanzania ni Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2005. Tume hiyo hutoa orodha ya vyuo vilivyosajiliwa na programu zilizoidhinishwa. Ni muhimu kuangalia vyote viwili, kwa sababu chuo kinaweza kuwa halali lakini programu fulani isiwe imeidhinishwa.

Shahada za nje nazo hupelekwa TCU ili zitambuliwe na kulinganishwa na za hapa nchini. Tume huangalia kama chuo kilichotoa shahada kinatambuliwa na mamlaka ya nchi yake. Busara ni kuuliza kabla ya kulipa, si baada ya kuhitimu.

Mihuri mingine inayotajwa katika matangazo ni AACSB ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1916, AMBA ya London, iliyoanza mwaka 1967, na EQUIS ya Brussels, iliyoanza mwaka 1997. Hizo ni taasisi za kweli na mihuri yao ina heshima duniani. Hata hivyo muhuri wao hauchukui nafasi ya utambuzi wa TCU, na chuo kisicho na mihuri hiyo hakiwi kibovu kwa sababu hiyo tu.

Upo pia udanganyifu wa wazi. Mwaka 2015 gazeti la New York Times lilifichua kampuni ya Axact ya Karachi, Pakistani, iliyokuwa ikiendesha vyuo vya kubuni katika intaneti na kuuza shahada kwa watu wa nchi nyingi. Vyuo hivyo vilikuwa na majina ya kuvutia, picha za majengo mazuri na watu wa kupokea simu. Walimu na madarasa havikuwapo.

Hapa nchini gharama ya karatasi zisizo halali ilijulikana Aprili 2017, uhakiki wa Serikali ulipobaini watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Waliondolewa kazini. Kwa mwajiriwa wa Newala anayetafuta kupanda daraja, shahada isiyotambulika inaweza kumharibia zaidi ya kutokuwa na shahada kabisa.

Cha ndani au cha nje

Chuo cha ndani hulipwa kwa shilingi, mitihani yake hufanyika karibu na TCU inakijua. Chuo cha nje kinaweza kuwa na walimu mashuhuri na vitabu vipya zaidi, lakini ada yake hufuata dola au pauni.

Tofauti hiyo si ndogo. Mwaka 2021 dola moja ilikuwa karibu Sh. 2,300. Katika mwaka 2024 ilifika karibu Sh. 2,700 kabla ya kushuka tena mwishoni mwa mwaka. Ada ya dola 5,000 kwa bei ya kwanza ni Sh. 11,500,000. Kwa bei ya pili ni Sh. 13,500,000. Mwanafunzi aliyeanza na bajeti ya kwanza angetafuta Sh. milioni mbili zaidi bila chuo kupandisha ada hata senti moja. Anayelipa kwa awamu kwa miaka mitatu anabeba hatari hiyo kila awamu.

Kwa taasisi zilizopo nchini, kanuni za mwaka 2025 zinazuia bei za bidhaa na huduma za ndani kutajwa au kulipwa kwa fedha za kigeni. Chuo cha hapa kinachomdai Mtanzania dola kiulizwe sababu.

Ipo pia njia ya katikati. Taasisi ya Usimamizi ya Mashariki na Kusini mwa Afrika, ESAMI, yenye makao yake Arusha, imekuwa ikifundisha MBA kwa vipindi kwa ajili ya watu walio kazini. Mwanafunzi husafiri, hukaa darasani kwa muda, kisha hurudi kazini. Anayefikiria njia hiyo aweke nauli na malazi katika mstari wa kwanza wa bajeti yake.

Umeme, intaneti na lugha

Masomo ya masafa ya leo hayaji tena kwa bahasha. Vitabu, kazi na mihadhara hupita katika intaneti. Mei 12, 2024 nyaya za chini ya bahari zinazohudumia pwani ya Afrika Mashariki zilikatika na huduma ya intaneti ikadorora nchi nzima kwa siku kadhaa. Aliyekuwa akisubiri dakika ya mwisho kutuma kazi yake alikuwa mashakani. Chuo kizuri kwa mkazi wa Newala ni kile kinachoruhusu masomo kupakuliwa na kusomwa bila mtandao, na chenye kituo cha mkoa ambako mtu anaweza kwenda na kuonana na mhusika ana kwa ana.

Lugha nayo isisahaulike. MBA nchini hufundishwa kwa Kiingereza, na vitabu vyake vingi vina mifano ya kampuni za Marekani na Ulaya. Mfanyabiashara aliyeacha kuandika Kiingereza tangu atoke shule atatumia sehemu ya zile saa 1,800 kupambana na lugha badala ya biashara.

Njia mbadala

Wengi wanaouliza habari za MBA hawana sifa za kuingia. Shahada ya kwanza inahitajika, kwa kawaida yenye wastani wa angalau 2.7, au stashahada ya uzamili inayokubalika. Kwa asiye na shahada ya kwanza, anayemwahidi MBA ya moja kwa moja anapaswa kutiliwa shaka.

Kwa mwenye tatizo mahususi, kozi fupi huwa na faida ya haraka zaidi. Anayesumbuliwa na vitabu vya hesabu anaweza kusoma ngazi za awali za mitihani ya Bodi ya Wahasibu, NBAA. Anayeshughulika na zabuni zipo ngazi za Bodi ya Ununuzi na Ugavi, PSPTB. Kiongozi wa chama cha msingi atafaidika na mafunzo ya Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, kilichoanza kama Chuo cha Ushirika mwaka 1963. Vyeti na stashahada za vyuo vya kati huthibitishwa na NACTVET, zamani NACTE.

Upo pia ujuzi ambao hauhitaji shahada yoyote. Mfano ni hesabu ya kiini. Ubora wa korosho ghafi hupimwa kwa ratili za kiini kizuri katika gunia la kilo 80. Gunia la ratili 48 lina kiini kilo 21.8. Gunia la ratili 52 lina kilo 23.6. Katika tani 10, yaani magunia 125, tofauti hiyo ni karibu kilo 227 za kiini. Mbanguaji mdogo asiyefanya hesabu hiyo kabla ya kununua anapoteza fedha ambazo hakuna mhadhara utakaomrudishia.

Maswali ya kuuliza chuo

Inashauriwa maswali haya yaulizwe na majibu yapatikane kwa maandishi:

1. Je, chuo na programu hii vyote vimo katika orodha ya TCU? Kama ni cha nje, je, TCU imekwisha tambua shahada zake?
2. Gharama yote ni kiasi gani mpaka siku ya mahafali, pamoja na usajili, mitihani na tasnifu?
3. Awamu za malipo ni lini, na ni kwa fedha gani?
4. Mitihani hufanyika mji gani na miezi gani?
5. Kuahirisha muhula kunaruhusiwa mara ngapi?
6. Nani anasimamia tasnifu, na hujibu baada ya muda gani?
7. Kati ya wanafunzi walioanza miaka mitatu iliyopita, wangapi wamehitimu?

Swali la saba ndilo ambalo vyuo vingi hukwepa, na ndilo lenye maana kuliko yote. Wanafunzi wengi wa masafa humaliza masomo ya darasani na kukwama kwenye tasnifu. Mtu aliyelipa asilimia 90 ya gharama akaishia hapo hana shahada ya asilimia 90. Hana shahada.

Njia nyingine ni kumtafuta mhitimu wa chuo hicho aliye Mtwara, Masasi au Newala na kumuuliza vitu viwili tu: alichukua miaka mingapi, na ni kitu gani anachokifanya leo kazini kwake ambacho asingekifanya bila masomo hayo.

Kwa msimu ujao

Mwajiriwa mwenye nafasi ya kupanda, mwenye chuo kinachotambulika na mwenye saa 15 kwa wiki, anaweza kuanza. Mfanyabiashara mwenye biashara kubwa na msaidizi wa kuaminika anaweza kuanza pia, mradi ada isitoke katika mtaji wa kununulia mali ya msimu. Mwenye duka moja na deni la benki afadhali alipe deni kwanza, asome kozi fupi ya hesabu, kisha alirejee suala hili baada ya misimu miwili.

Kwa yeyote anayeamua kuanza, kanuni ya tahadhari ni kutenga ada ya mwaka mzima wa kwanza kabla ya kujisajili, na kuiweka katika akaunti tofauti na ya biashara. Bei ya mnada wa kwanza wa korosho haijulikani mpaka siku yenyewe. Tarehe ya kulipa ada inajulikana.